Naomba ushauri: mwanangu amepandikizwa uloto, sasa ana vipele

Wanajamvi, habari zenu. Niko Ngamiani, Tanga. Mwanangu wa miaka 8 alikuwa na selimundu. Miezi 7 iliyopita alipandikizwa uloto (uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa dada yake. Tumeambiwa kinga yake imeanza upya kama ya kichanga, chanjo arudie, ila ya surua isubiri miaka 2 kwa kuwa ina kirusi hai.

Jana nikimwosha nimeona vipele vyekundu viganjani, vinawasha. Daktari alishatuonya kwamba seli za dada zaweza kuushambulia mwili uliozipokea. Nimempigia, kesho alfajiri tunapanda basi. Mliopitia haya, kwenu vilianzaje? Na madrasa mlimrudisha lini? Analia kila akiona wenzake wanapita na juzuu kwapani.