Mashine za boti za zamani: zizuiwe kwa umri, au zikaguliwe majini?

Wakuu, Jumapili ufukweni Kunduchi tulibishana mpaka maji yakajaa. Jirani yangu, mwenye boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Mbudya, anataka mashine yoyote iliyopita miaka 20 inyimwe leseni: zinachafua bahari, zinazimika kwenye mkondo, zinaua watu. Mimi nasema tuangalie hali ya mashine, tuachane na umri. Naleta hoja tuijadili, maana ikija kuwa kanuni itawagusa wengi, kuanzia Feri hadi Mbweni.

Kuhusu uchafuzi simpingi. Kwenye mashine za kuchanganya oili na petroli, tundu la kuingiza mafuta na la kutolea moshi hukaa wazi kwa pamoja kitambo kidogo, na hadi robo ya petroli inaweza kutoka bila kuungua. Ndiyo maana Ziwa Tahoe kule Marekani walizipiga marufuku zile za kabureta (kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) mwaka 1999. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni hifadhi tangu 1975, na ule utando wa mafuta juu ya maji unaniuma kama unavyomuuma yeye.

Ila mtazameni mvuvi wetu. Akirudi pwani anaibeba mashine begani hadi nyumbani, kwa sababu akiiacha kwenye boti asubuhi haikuti. Ya kuchanganya yenye nguvu za farasi 15 ina kama kilo 36. Isiyochanganywa oili, kwa nguvu hiyohiyo, inapita kilo 50, na bei yake ndiyo usiseme. Ukimnyima kuukuu hanunui mpya, anarudi kwenye kasia, na kusi likivuma kasia halina msaada.

Mimi nimefufua mashine ya Johnson ya marehemu baba, ya miaka ya 1970, imeandikwa 9.9, yaani nguvu za farasi. Nilipofungua pampu ya maji, impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoozea, ilikuwa imebaki na mabawa matatu, mpira umekauka kama kwato. Yaliyokatika hayakuwemo kwenye pampu. Niliyakuta juu, yamekwama kwenye njia ya maji pamoja na chumvi iliyoganda. Ningebadili impela peke yake, mashine ingeungua siku ya kwanza. Wiki nzima nilikuwa nakwangua na kuloweka kwenye siki. Fundi akataka kuitupa themostati, kile kifaa kinachozuia injini isipoe kupita kiasi, eti huku kwetu kuna joto. Nikakataa: injini ikikaa baridi mno, plagi hujaa masizi na petroli inaliwa bure.

Sasa kiini cha hoja yangu. Johnson 9.9 na 15 za enzi zile bloku yake, yaani mwili wa injini, ni moja, tofauti kubwa iko kwenye kabureta. Nikafunga kabureta ya 15. Kibati bado kinasema 9.9! Mkaguzi akisoma mwaka ataiona mbovu, kumbe nzima. Akisoma kibati ataiona ndogo, kumbe kubwa. Boti yangu ya futi 14 inaimudu, lakini ukiifunga kwenye mtumbwi mwembamba itazamisha tezi, yaani nyuma ya chombo.

Kwa hiyo napendekeza TASAC, ambao ndio wanaokagua vyombo vidogo, waiwashe mashine ikiwa majini. Maji ya kupoozea yatoke kwa nguvu. Oili ya gia isiwe nyeupe kama maziwa, maana hapo maji yameshaingia. Na iwepo kamba ya kuzimia, ile nahodha anayoifunga mkononi. Nyingi za zamani hazikuja nayo, yangu nimeiongeza. Hili nalisisitiza: nahodha akianguka na mashine inaunguruma, boti huzunguka na kumrudia, panga la mashine likiwa linazunguka. Na aliyebadili chochote kinachoongeza nguvu alazimike kukiandikisha. Utaratibu huo ukiwekwa, yangu nitaipeleka siku ya kwanza.

Mlio upande wa jirani yangu, nijibuni hili: mashine ya miaka minne ambayo tangu inunuliwe haijawahi kusafishwa ndani kwa maji ya bomba kutoa chumvi, mtaipa leseni?