Mafundi na wabunifu mliojiajiri, likizo mnaendaje?

Fundi wa Sare, Sinza

Wakuu, salaam. Nashona nguo za kike hapa Sinza, nyingi ni sare za sendoff na kitchen party. Nina vijana wawili kwenye cherehani na binti mmoja wa ovaloki, vifungo na pasi. Kukata nakata mwenyewe.

Nikienda kwetu Lushoto unaenda mwili tu. Safari iliyopita niko jikoni kwa mama nachambua maharage, simu inaita: "Dada, mama wa gauni la bluu anasema mkono umembana, tuachie mishono?" Sijaiweka chini, mwenyekiti wa kamati kanitumia picha ya mshono kaiokota Instagram, tofauti kabisa na tuliokubaliana, na kitenge kimeshakatwa. Usiku vijana wananipigia video, wananifunulia daftari la vipimo niwasomee, maana nimeandika kwa vifupisho vyangu: kf, kn, ny. Mama akasema si bora ungekuja na cherehani kabisa.

Kuzima simu siwezi, advansi zinaingia humo humo. Kufunga naogopa: fremu tunalipia miezi sita sita, ufungue usifungue. Na vijana nawalipa kwa kila nguo wanayoshona, nikifunga wiki mbili hawali.

Tafadhali, ule ushauri wa "jipende dada" sitaki. Nauliza wenye kazi kama yangu: unaondoka mwezi gani? Oda unazizuiaje mteja asihamie kwa jirani? Vijana wanakula nini?

Mpiga Picha, Mwanza

Mimi napiga picha za harusi, likizo naipanga na kalenda mkononi. Kwaresima Wakristo wengi hawafungi ndoa, Ramadhani harusi za Waislamu zinasimama. Mwaka huu wa 2026 vimeanza wiki moja, na mwakani ni hivyo hivyo: Jumatano ya Majivu ni 10 Februari 2027, na Ramadhani inatarajiwa siku hizo hizo, kutegemea mwandamo. Wahi, maana 2028 vinaachana, Ramadhani itakuwa imerudi hadi mwishoni mwa Januari.

Wiki hizo nimeshaziandika "nimejaa". Neno likizo silitaji. Mteja wetu ukimwambia unapumzika anaona unaringa, ukimwambia umejaa anakuwekea advansi ya Aprili.

Bi Fundi, Tanga

Kwa mpiga picha ni sawa, kwa fundi nguo ni nusu. Ramadhani ikishafika katikati, nguo za Idi zinaanza kumiminika, na kumi la mwisho sisi huku hatulali. Wewe mwanangu chukua kumi la kwanza.

Simu nayo unaionea. Wanakupigia kwa sababu umeondoka na kazi iko nusu. Mimi duka silifungi, nafunga daftari: wiki tatu kabla ya safari sipimi mtu mpya. Nakata zote zilizopo. Kila nguo naikunja pamoja na bitana yake, zipu yake na uzi wake, juu nabana kwa pini karatasi ya vipimo, maneno kamili, kifua, kiuno, nyonga, hata mgeni asome. Kufiti ya kwanza nasimamia mwenyewe. Vijana wanabaki na kushona, pamoja na kazi ndogo za mlangoni: kupunguza, kubadili zipu, kukunja suruali. Pesa ya hizo kazi ndogo nawaachia yote. Tangu nianze hivyo simu zao sizisikii, sijui wanaogopa nitarudi mapema!

Mdau, Dodoma

Naona wote mnazungumzia likizo ya bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Najua mtasema wa kulipwa kwa nguo hahusiki, ubishi huo siuanzi hapa. Ila semeni ukweli, nani kati yenu kampa kijana wake hata wiki moja?

Mchora Hina, Mombasa

Mie kazi iko mkononi mwangu, hakuna wa kumwachia. Nikisafiri, mabibi harusi wangu nampa shoga yangu wa Kisauni, naye akisafiri ananipa wake. Aliyechora ndiye anayelipwa, komisheni hakuna, lakini mteja anarudi kwa mwenyewe. Kabla yake kulikuwa na mwingine, nilimpa wateja akawachukua jumla. Huyo simpi tena hata mteja wa piko.

Fundi wa Sare, Sinza

Bi Fundi, shikamoo. Vipimo binti wa ovaloki ameshaanza kuvinakili upya, yeye ndiye mwenye mwandiko. Kumi la kwanza nimelizungushia wino.

Mdau wa Dodoma umenichoma. Kijana wangu mkubwa ruhusa anaomba akiwa na msiba tu. Nitakaa naye.

Ila Bi Fundi, wiki tatu kabla bila kupima mtu zinaniangukia Januari, mwezi wa ada. Advansi za Aprili unapokea kipindi hicho?

Bi Fundi, Tanga

Marahaba. Advansi pokea, andika na tarehe ya kuja kupimwa. Kitambaa mwambie akae nacho kwake. Kitenge cha mtu kikishalala dukani kwako, kesho yake anaanza kuulizia gauni.