Naomba ushauri: kodi (chord) za kuvunja kwa wanaoanza kinanda

Habari zenu wadau. Nafundisha watoto kinanda hapa Malindi, na kibodi ni moja. Nawakalisha wawili wawili: mmoja apige wimbo kwa noti tano tu, do mpaka so, mkono usihame, mwenzake ashike besi. Naupenda sana utaratibu huu, maana mtoto akikosea hawezi kusimama, inabidi awahi mapigo ya mwenzake.

Shida ni kodi za kuvunja, yaani noti za kodi moja kupigwa moja moja badala ya kwa pamoja. Do-mi-so kwa pamoja wanapiga vizuri. Nikiwaambia wazitoe moja moja, do-so-mi-so, ile besi ya Alberti, gumba la kushoto linagonga so kwa nguvu, kidole cha mwisho kwenye do hakisikiki, na mwendo unakimbia. Anayepiga wimbo anafunikwa kabisa, anakata tamaa.

Nawaza nianze na mafungu ya noti tatu, do-mi-so, do-mi-so, kwa mwendo wa chakacha wanaoujua tangu harusini, ndipo niende kwenye nne. Itasaidia, au nitawachanganya? Na besi niishike mimi kwanza mpaka lini? Waliofundisha watoto wadogo, tafadhali nielekezeni.