Natumia insulini, nimevunja mfungo Jumatano ya Majivu. Naombeni ushauri

Mwanakwaya_sauti2

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naombeni mnisaidie mawazo maana toka wiki iliyopita sina amani kabisa. Mi ni mkatoliki, nina miaka 43, na huu ni mwaka wa pili toka nianze kuchoma insulini. Kabla ya hapo nilikua nafunga Kwaresima yote bila shida, yani tangu nikiwa binti, mchana sili kitu mpaka jioni, na kwa kweli nilikua naipenda ile njaa, ilikua inanikumbusha kusali.

Sasa mwaka huu nikajisemea Jumatano ya Majivu tu nifunge, siku moja haiwezi kuniua. Asubuhi nikachoma sindano kama kawaida alafu sikula. Tukiwa misani, nimeshapakwa majivu nimerudi kukaa, nikaanza kutetemeka, jasho linanitoka, maneno ya padre nayasikia kwa mbali. Mama aliyekaa pembeni yangu akanitoa nje akanipa soda nikanywa. Nikaenda kliniki kesho yake daktari akanigombeza sana na kusema nisirudie.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kiongozi wa kikundi chetu cha sala aliniambia mbele ya watu kwamba imani yangu ndogo, ningeshikilia Mungu angenibeba. Nimelia sana. Maswali yangu: je nimetenda dhambi kuvunja ule mfungo? Na je naweza kufunga zile Ijumaa tu mpaka Pasaka bila kumwambia daktari? Naona wenzangu wote wanafunga, mimi nakula kama mtu asiye na dini.

nesi_wa_zamu

Dada pole sana, na mshukuru huyo mama wa pembeni maana amekuokoa. Naomba nijibu hilo la Ijumaa kwanza: HAPANA, usifanye kwa siri. Insulini inashusha sukari iwe umekula au hujala, yenyewe haijui kwamba leo ni Ijumaa. Ukichoma alafu usile, sukari inashuka, ikifika chini ya 4 (kwa mashine zinazosoma mmol) ndo hapo unatetemeka unatoka jasho unachanganyikiwa, na ikiendelea kushuka unapoteza fahamu, degedege, mtu anaweza kufa kabisa. Na usije ukapata wazo la kuacha sindano ili ufunge, hiyo nayo ni hatari kwa upande mwingine, sukari inapanda mpaka unalazwa.

Tembea na kitu kitamu kwenye mkoba siku zote, ata kanisani. Ukisikia dalili, kunywa au kula sukari kama gramu 15 hivi, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado iko chini rudia. Alafu ikipanda kula chakula cha kawaida. Yule aliyekwambia imani ndogo ningependa nimkute zamu ya usiku mtu analetwa amezimia.

Katekista_mstaafu

Milele amina mwanangu. Nimefundisha wakatekumeni, yani wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi na hili swali la dhambi nimeulizwa mara nyingi, nikujibu taratibu.

Dhambi hujatenda. Kanisa lenyewe halijakuwekea mzigo huo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1252, inasema kujinyima nyama ni kwa waliotimiza miaka 14, na kufunga ni kwa watu wazima kuanzia 18 mpaka wanapoanza mwaka wa 60. Na siku za kufunga kwa lazima ni MBILI tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Ijumaa nyingine za Kwaresima ni za kujinyima nyama, sio kufunga chakula, watu wengi sana wanachanganya hayo mambo mawili. Na ata huko kufunga kwenyewe ilivyozoeleka ni mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo ukivijumlisha havifikii mlo mmoja. Kwa hiyo ile ya kushinda bila kitu mpaka jioni siku zote ulikua unajiongezea kwa mapenzi yako, ni jambo jema kwa mwenye afya lakini si amri.

Mgonjwa habanwi. Na paroko wako ana mamlaka, kanuni ya 1245, ya kumwondolea mtu wajibu huo au kumbadilishia tendo lingine la toba. Nenda kamweleze, dakika kumi tu, utatoka na amani kuliko hii ya kuuliza sisi. Ukitaka alama ya kujinyima, nyama unaweza kuacha ukala kingine, mradi daktari wako anajua unakula nini.

Jembe_la_Injili

Bwana asifiwe. Mi sitaki kumuumiza dada ila tuambiane ukweli, Kwaresima haipo kwenye Biblia. Yesu alifunga siku 40 ndio lakini hakusema nyie mfunge kila mwaka tarehe fulani. Ujitese mpaka uzimie kwa ajili ya kalenda ya wanadamu? Kuleni mshukuru Mungu.

Mlutheri_toka_utoto

Ndugu Jembe hiyo hoja ina umri mkubwa. Mwaka 1522 pale Zürich, Uswisi, watu walikula soseji makusudi wakati wa Kwaresima, Zwingli, padre aliyeongoza matengenezo ya kanisa huko, alikuwepo, yeye hakula lakini baadae akahubiri kuwatetea, kwamba mkristo yuko huru. Sawa. Lakini Luther hakuwahi kusema kufunga ni kubaya, alichopinga ni mtu kudhani njaa yake inamnunulia wokovu. Na hizi siku 40 sio za juzi, mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, tayari unazitaja. Sisi walutheri tunaishika Kwaresima, waanglikana pia.

Ila dada, huo mstari wa Luther ndio wa kumjibu kiongozi wako. Anaposema ungeshikilia Mungu angekubeba, anafanya njaa iwe kipimo cha imani. Na somo la Jumatano ya Majivu lenyewe, Mathayo 6, linasema ukifunga nawa uso jipake mafuta watu wasijue. Sasa yeye anajuaje nani amefunga nani hajafunga mpaka amsimange mtu mbele za watu?

Mwanakwaya_sauti2

Asanteni jamani. Nesi nimekuelewa, sitafanya kwa siri. Mzee wangu katekista shikamoo, ile ya siku mbili sikuijua kabisa, miaka yote nimeamini ni siku zote 40.

Ila bado naulizia, sasa mimi nifanye nini? Sio swala la sheria tena. Kuna kitu kinakosekana. Wakifika jioni wenzangu wana kitu cha kumpa Mungu mimi sina.

Mwana_wa_Orthodoksi

Dada nakuelewa hapo kwenye kukosa kitu cha kutoa. Kwetu Waorthodoksi mfungo ni mkali, hatuli nyama, mayai, maziwa, wala samaki isipokua sikukuu ya Kupashwa Habari (malaika alipomletea Maria habari) na Jumapili ya Matawi, na siku nyingi mafuta na divai pia tunaacha. Na bado mgonjwa anaambiwa ale. Baba wa kiroho ndiye anampimia kila mtu, huwezi kujipimia mwenyewe, ata kujiongezea bila ruhusa kunahesabiwa kiburi.

Lakini nilitaka kukwambia jinsi tunavyoanza. Jumapili jioni kabla ya Jumatatu Safi, siku ya kwanza ya Kwaresima yetu, tunafanya ibada ya kusameheana. Kila mtu anapita mbele ya kila mtu, padre naye yumo, unainama unasema nisamehe mimi mwenye dhambi, mwenzako anajibu Mungu anasamehe, naye anainama anakuomba wewe. Mtoto anamwomba mzee, mume anamwomba mke, na yule usiyemsalimia toka mwaka jana mnakutana kwenye mstari huna pa kukimbilia. Ndo tunaanza kufunga baada ya hapo. Mtakatifu Basili katika karne ya 4 aliwaambia wakristo wake, huli nyama lakini unamla ndugu yako. Mi mwenyewe miaka kadhaa nimefunga chakula vizuri sana na hilo la ndugu sijaligusa, na ndilo gumu kuliko maziwa na mayai.

Katekista_mstaafu

Umesema vyema ndugu. Na kwetu Ijumaa ile baada ya Majivu somo huwa Isaya 58, Mungu anawaambia mnafunga huku mnagombana na kupigana ngumi, mfungo ninaoutaka ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, wala usijifiche na damu yako mwenyewe.

Mwanakwaya_sauti2

Nimesoma hapo kwenye damu yako mwenyewe nikaweka simu chini.

Nina dada yangu, tumbo moja. Hatuongei mwaka wa tatu huu, tuligombana wakati mama anaumwa, nani amtunze na nani alete hela, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kwaresima mbili zimepita nafunga mpaka jioni, nafuata Njia ya Msalaba vituo vyote 14, na sijawahi kumpigia. Ata kwenye kitubio nilikua nasema nina hasira na ndugu, basi, napita haraka.

nesi_wa_zamu

Dada mpigie. Kula kwanza, pima, alafu mpigie.

Mwanakwaya_sauti2

Narudi kuwapa mrejesho. Nimeenda kwa paroko, amenisikiliza vizuri, amesema Ijumaa Kuu nile kwa saa zangu bila wasiwasi, na kila Ijumaa nitenge kiasi nilichokua naokoa nikifunga nikipeleke kwa mgonjwa asiye na hela ya dawa. Kuhusu kiongozi wa kikundi, paroko amesema atazungumza nae yeye mwenyewe.

Dada nimempigia mara mbili hajapokea. Nikamwandikia meseji, nimeomba radhi kwa yale maneno, nimeyataja moja moja, sikuweka "lakini" popote. Naona ameisoma. Hajajibu mpaka sasa, ni siku ya tatu, na nikiamka usiku naangalia simu.

Katekista_mstaafu

Mpe nafasi mwanangu, wewe ulikaa zaidi ya miaka miwili, siku tatu ni chache kwake. Pasaka ikikaribia mpigie tena. Na leo Ijumaa kula mapema kabla hujaja kwenye Njia ya Msalaba, tunasimama muda mrefu.