Umejiajiri, mkataba umeisha, mwingine haujapatikana: uombe posho ya kukosa ajira au ukaushe?

Kibarua_Huru

Wakuu habari zenu, naomba mawazo kwenye hili maana kila ninayemuuliza ananijibu lake. Nimejiajiri, nafanya kazi za mifumo ya kompyuta kwa mkataba, naingia kwa mteja, mradi ukiisha natoka, nasubiri mwingine. Huu wa juzi ulikuwa uongezwe, meneja mwenyewe alishanihakikishia kwa mdomo, ikafika wiki ya mwisho naambiwa bajeti imekatwa, asante kwa kazi nzuri, rudisha laptopu na kitambulisho cha getini. Sasa hivi natuma maombi kila siku na simu hailii.

Jamaa tuliyekuwa naye mradi mmoja yeye kaomba posho wiki hiyo hiyo, anasema kodi nalipa kwa nini nisipate changu. Mwingine, mtu ninayemheshimu sana, ananiambia hapana, kontrakta analipwa vizuri kwa siku kwa sababu siku za ukame zimeshahesabiwa humo ndani, ukienda kuomba posho unawabana waliofukuzwa kazi kweli. Akiba ninayo, itanisogeza kidogo ila haitafika mbali hali ikiendelea hivi. Na kakampuni kangu bado kamesajiliwa, sijakafunga na sitaki kukafunga. Je ni halali kuomba? Na hata kama ni halali, ni sawa?

Ankara_Mkononi

Pole mkuu, hizo ahadi za mdomo ndio ugonjwa wa hii kazi yetu.

Jibu langu ni omba. Kama masharti unayatimiza omba na usione aibu hata chembe. Watu wanachanganya bima na sadaka. Sehemu nyingi posho hii ni bima, unachangia ukiwa na kazi ili ulipwe ukiikosa, na kihistoria ilianza na watu wa aina yako. Uingereza walipoweka bima ya lazima ya kukosa kazi kwa sheria ya mwaka 1911 hawakuanza na makarani wenye kazi za kudumu, walianza na mafundi ujenzi, waunda meli, wahandisi wa mitambo, fani ambazo kazi inakuja na kukatika, meli ikishashushwa majini mnakaa mnasubiri nyingine. Walikuwa wanalipwa shilingi 7 kwa wiki, na mwisho wiki 15 kwa mwaka. Haikuwa hela ya kustarehe, ilikuwa ya kumvusha fundi kutoka kazi moja mpaka nyingine.

Mpaka leo Ufaransa wasanii wa jukwaani na mafundi wa taa na sauti wana utaratibu wao, ukifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 unalipwa kwa zile siku ambazo huna shoo. Hakuna anayewaita wavivu, kila mtu anaelewa kazi yao ndivyo ilivyo, ina mapengo.

Bila_Bosi

Mkuu Ankara umeongea vizuri ila mimi nitapingana, na hoja yako mwenyewe ndio inanipa nguvu. Bima unalipwa ile uliyoikatia. Yule fundi wa 1911 alikuwa anakatwa kila wiki, mwajiri anaweka chake na serikali inaongezea. Wewe uliyejiajiri nani alikuwa anakuchangia? Hao wasanii wa Ufaransa nao ni waajiriwa wa mikataba mifupi, wanakatwa michango kwenye kila shoo, sio watu wanaotuma invoisi.

Marekani bima hii inaendeshwa na majimbo kwa kodi ambayo waajiri wanalipa juu ya mishahara. Aliyejiajiri hana mwajiri aliyemlipia kwa hiyo kwa kawaida hapati. Machi 2020 korona ilipofunga kila kitu Bunge lao likapitisha CARES Act, sheria ya msaada wa dharura wa korona, waliojiajiri nao wakafunguliwa mlango, na Septemba 2021 mlango ukafungwa. Ile ilikuwa dharura, sio utaratibu.

Na hii ya "kodi nalipa" naomba tuiache jamani. Kodi ya mapato ni kitu kingine na mchango wa bima ni kitu kingine, unaweza kuwa unalipa kodi nyingi sana na mchango wa kukosa ajira hujaweka hata senti.

Mimi nikipanga bei yangu ya siku naweka humo likizo, kuumwa na muda wa kukaa bila kazi. Nikishamtoza mteja kwa hiyo hatari siwezi tena kwenda kuidai kwa wananchi wenzangu ambao wengi wao wanapata kidogo kuliko mimi. Naamini hivyo kwa dhati wala simsemi mtu. Angalia hata Ujerumani, wao waliojiajiri wanaruhusiwa kujiwekea bima ya kukosa kazi kwa hiari, ila ukisimamisha shughuli na kudai mara mbili, mlango wa kujiunga tena kwa njia ile unafungwa. Maana yake hata walioufungua hawataki igeuke mshahara wa kati ya mikataba.

Upepo_wa_Kusi

Bila_Bosi wewe unaongelea makontrakta wa bei ya juu. Wapo waliojiajiri kwa sababu kampuni ilikataa kuwaajiri, dereva, msafishaji, mleta mizigo, anafuata ratiba ya kampuni, anavaa sare ya kampuni, halafu kwenye karatasi ameandikwa amejiajiri. Huyo bei ya siku ameipanga yeye? Likizo ameiweka wapi? Anapokea anachopewa na siku programu ikimzimia hana pa kushika.

Na watu kama hao wasikate tamaa kabla ya kuuliza. Jina lililoandikwa kwenye mkataba sio mwisho wa maneno. Hapo hapo Marekani mtu anayeitwa kontrakta anaweza kupeleka maombi, jimbo linachunguza ni nani alikuwa anampangia kazi na kumsimamia, na likiona kiukweli alikuwa mwajiriwa anaweza kulipwa. Wengi hawajui, wanakaa nyumbani na deni la kodi ya nyumba wakati haki yao ipo.

Dada_Mahesabu

Naona mnabishana kama ni sawa au sio sawa kabla hamjajua kaka ana haki gani. Nafanya vitabu vya watu waliojiajiri, hili naulizwa kila mara, na la kwanza mimi namwambia mtu alete kumbukumbu zake za michango. Sio za kodi, za michango. Kibarua_Huru umesema una kampuni, je ulikuwa unajilipa mshahara kupitia kampuni na michango ya mwajiriwa inaandikwa, au ulikuwa unachukua faida tu? Hapo ndipo penye jibu.

Nichukue Uingereza kwa sababu sheria zao nazifahamu. Posho yao ya bima, ile JSA mpya (Jobseeker's Allowance, posho ya mtafuta kazi), inaangalia michango ya mwajiriwa ya miaka miwili mitatu ya kodi iliyopita. Aliyejiajiri kwa jina lake mwenyewe michango yake haihesabiki kwenye hiyo posho. Ila kontrakta aliyekuwa chini ya kampuni mwamvuli, ambayo inamwajiri na kumkata, michango yake inahesabika. Hata mkurugenzi wa kampuni yake mwenyewe anayejilipa mshahara unaovuka kile kiwango cha chini cha michango anahesabiwa kuwa amechangia. Kwa hiyo watu wawili wanakaa meza moja, wanafanya kazi ile ile kwa mteja yule yule, mmoja ana haki mwingine hana, na tofauti ni jinsi walivyokuwa wanalipwa basi. Mwenye haki analipwa hadi miezi sita, na kwa posho hii akiba yake haiulizwi. Sio kama ile nyingine ya wenye kipato kidogo, Universal Credit, ambayo ukiwa na akiba zaidi ya pauni 16,000 hupati, na ukiwa mwenye kampuni wanaweza kuyahesabu mapato ya kampuni kama yako wewe.

Kuhusu kampuni kubaki hai, kuwa na usajili peke yake sio kosa. Wanachotaka kujua ni kama unafanya kazi, na kama uko tayari kuchukua kazi ikitokea. Ila usidhani kila nchi ni hivyo. Ufaransa tangu Novemba 2019 wana posho ya waliojiajiri, miezi sita, lakini wanataka shughuli iwe imekufa kweli, sio imelala inasubiri mteja.

Watu wanaumia zaidi kwenye tarehe. Kazi umefanya mwezi huu, invoisi umetuma mwisho wa mwezi, mteja analipa baada ya siku 30 au 60, hela inaingia wakati tayari unapokea posho. Wewe unasema hiyo ni hela ya zamani, afisa anaona hela imeingia kwenye akaunti. Mifumo inatofautiana, mingine inaangalia wiki uliyofanya kazi, mingine inaangalia siku hela ilipoingia. Kwa hiyo siku ya kwanza unapojaza fomu orodhesha invoisi zote ambazo bado hazijalipwa, kila moja na tarehe ya kazi, tarehe ya invoisi na kiasi, waandikie wenyewe kabla hawajauliza, na uweke nakala. Ukilipwa posho isiyo yako utairudisha, na ikionekana ulificha hapo tunaongea faini na pengine mahakama.

Na lingine, usisubiri akiba iishe ndio uombe. Madai mara nyingi hayarudi nyuma, wiki ulizokaa kimya zimepotea. Halafu kuna nchi hata kama hela hupati bado kujiandikisha kuna maana, Uingereza unaweza kuandikiwa kredi za michango ili pensheni yako isiwe na mashimo.

Bila_Bosi

Dada hapo kwenye michango nimekuelewa. Kama alijilipa mshahara na michango ipo kwa jina lake, basi hiyo bima aliikata na mimi sina neno. Kwa aliyepanga mambo yake ili asichangie, kwamba anachukua faida tu michango iwe sifuri, halafu ukame ukija anaanza kulalamika, msimamo wangu uko pale pale.

Kibarua_Huru

Asanteni sana wote. Nimeangalia, nilikuwa najilipa mshahara mdogo kila mwezi na michango ilikuwa inapelekwa, na kabla ya hapo niliwahi kuajiriwa. Kwa hiyo naomba, nimeamua. Ila dada Mahesabu nina swali jingine, kuna mteja wa zamani ananiita nimrekebishie kitu, ni kazi ya siku mbili tu. Niikatae mpaka mambo ya posho yakae sawa, au?

Dada_Mahesabu

Usiikatae kaka. Kukataa kazi kunaweza kukuponza zaidi kuliko kuifanya, maana kipimo chao ni kama unatafuta kazi kweli. Ifanye, itolee invoisi, uiripoti wiki hiyo hiyo hata kama mteja hajalipa. Mahali pengi kazi ndogo inapunguza posho ya kipindi hicho, haikufuti kabisa, kwenye ile JSA kwa mfano wanakuachia pauni 5 tu kwa wiki kisha wanapunguza pauni kwa pauni, na kikomo ni kuwa chini ya saa 16 kwa wiki. Sasa siku mbili za kontrakta zinaweza zikawa saa 16 kamili, hesabu saa zako kabla hujamjibu. Zikifika 16 au kuzidi, mwombe azigawe kwenye wiki mbili, ufanye hivyo kweli kabisa, na tarehe za kwenye invoisi zioneshe siku ulizofanya.