Mfumo wa kuingia mara moja unanidai nenosiri mara nne kwa siku: kasoro iko wapi?

Karani wa Shela aliuliza:

Assalam aleikum ndugu zangu. Nafanya kazi mapokezi katika nyumba ya wageni huku Shela, Lamu, na makao makuu ya kampuni yetu yako Nairobi. Programu zetu tatu za kazi, yaani barua pepe, daftari la vyumba na mfumo wa mahesabu, zimeunganishwa ili mtu aweke nenosiri na msimbo wa simu mara moja tu asubuhi, kisha azifungue zote bila kuulizwa tena. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa, lakini mimi naulizwa mara nne au tano kwa siku.

Nimekuwa nikiandika nyakati zenyewe, nikatambua hali tatu. Kwanza, nikienda kuswali adhuhuri na kula, nikarudi baada ya kama dakika 45, daftari la vyumba huwa limenitoa na kunitaka nenosiri, ilhali barua pepe iko wazi kama nilivyoiacha. Pili, waifai ikizorota nikaunganisha data ya simu, mfumo wa mahesabu hunitoa papo hapo. Tatu, umeme ukikatika kompyuta ya mezani ikazimika, nikiiwasha tena kivinjari huniambia kuwa muunganisho si salama, na huwa siwezi kuingia popote mpaka upite muda.

Juzi nilikuwa nimejaza majina na nambari za pasipoti za wageni 11 waliokuwa wakishuka uwanja wa ndege wa Manda, nahodha yuko gatini anangoja orodha. Niliitwa kidogo nje, niliporudi na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi nikaletewa ukurasa wa nenosiri, na kila nilichoandika kikapotea. Msimamizi wangu anasema niweke alama kwenye kisanduku cha "Endelea kuwa umeingia" yaishe. Lakini kompyuta hii twaitumia watu watatu kwa zamu. Je, nimfuate?

Fundi wa Malindi alijibu:

Waaleikum salaam, dada. Umefanya jambo la maana sana kuandika nyakati, kwa sababu hali zako tatu zina sababu tatu tofauti, na anayezichanganya hatazitibu.

Jina la "kuingia mara moja" huwafanya watu wadhani kuna kipindi kimoja tu, yaani muda mmoja wa kuhesabiwa kuwa umeingia, kinachoendelea. Sivyo. Ipo seva ya utambulisho, ambayo ndiyo inayokuuliza nenosiri na kukuwekea kidakuzi chake ("cookie", alama ndogo ya kukukumbuka) kwenye kivinjari. Kisha kila programu, ikishapokea ushahidi kutoka kwa seva hiyo kwamba wewe ndiye wewe, hukuwekea kidakuzi chake yenyewe na kukuhesabia muda wake yenyewe. Viwango vinavyotumika sana, SAML 2.0 ya mwaka 2005 na OpenID Connect ya mwaka 2014, vinaeleza namna ya kumtambulisha mtu kwa programu. Muda ambao programu itaendelea kumkubali baada ya hapo huachiwa kwa sehemu kubwa programu yenyewe. Wewe ni kama mgeni aliyepokewa kwenye daka la nyumba ya Lamu: mwenyeji amekutambua pale nje, lakini kila chumba cha ndani kina mlango wake.

Kwa hiyo, kipindi cha daftari la vyumba kikiisha wakati kipindi cha seva ya utambulisho bado kiko hai, kivinjari hupelekwa kwa seva na kurudishwa ndani ya sekunde chache bila wewe kuulizwa chochote. Ukiletewa ukurasa wa nenosiri, maana yake ama kipindi cha seva yenyewe kimekwisha, ama programu imeagizwa kudai uthibitisho mpya. Kwa dakika zako 45 mimi naelekea kwenye sababu ya kwanza. Mfano ni Keycloak, seva ya utambulisho itumiwayo na mashirika mengi: isipobadilishwa, hufunga kipindi baada ya dakika 30 bila shughuli, na baada ya saa 10 hata kama umeshughulika mchana kutwa. Barua pepe ilibaki wazi kwa sababu kidakuzi chake bado hakijaisha muda.

Fanya jaribio hili. Siku daftari litakapokutoa, usiweke nenosiri. Fungua mfumo wa mahesabu katika kichupo kipya. Nao ukidai nenosiri, kipindi cha seva kimekufa na barua yako iende kwa wasimamizi wa mfumo kule Nairobi. Ukifunguka wenyewe, huenda tatizo ni la daftari peke yake, au kidakuzi cha mfumo wa mahesabu bado hakijaisha muda.

Hali ya pili ni nyepesi: ukihama kutoka waifai kwenda data ya simu, anwani yako ya intaneti hubadilika, na baadhi ya programu, hasa za fedha, hufunga kipindi zikiona anwani imebadilika, zikihofia kwamba kidakuzi kimeibwa. Hapo hakuna cha kurekebisha kwenye kompyuta yako.

Ya tatu ni saa. Itazame saa na tarehe ya kompyuta umeme unaporudi. Betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu, mara nyingi CR2032, ikifa, kompyuta iliyokatiwa umeme husahau tarehe. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kuwa iko miaka kadhaa nyuma huvikataa vyote. Baadaye hupata saa sahihi kutoka kwenye intaneti, nawe ukadhani tatizo limejiondokea.

Mwalimu wa Langoni alijibu:

Bwana Fundi ameeleza vizuri, nami nataka kulishika lile swali la mwisho, kwa maana ndilo zito zaidi. Bi Karani, usiweke alama kwenye kisanduku hicho katika kompyuta ya watu watatu. Alama hiyo hugeuza kidakuzi ambacho kingekufa kivinjari kinapofungwa kikawa cha kudumu kwa siku au majuma, na mwenzako wa zamu ya usiku atakuwa akifanya kazi kwa jina lako bila hata kukusudia. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, barua ya kufuta oda ilitoka kwenye akaunti yangu saa tatu usiku, nami nikiwa nyumbani. Aliyeituma alikuta dirisha liko wazi akadhani ni lake. Ilinichukua wiki mbili kueleza, na mpaka leo sijui kama wote waliniamini.

Tena wewe unashika nambari za pasipoti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na jina lako ndilo litakaloonekana kwenye kumbukumbu za mfumo.

Dawa yake ni kila mmoja wenu kufunguliwa akaunti yake ndani ya Windows, si ndani ya kivinjari tu. Ukiinuka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L, skrini ifungwe. Zamu ikiisha, toka kwenye kila programu, kwani kutoka katika moja hakufungi nyingine kila mara. Tafadhali usiwaombe Nairobi warefushe muda wa kutoshughulika kabla hamjatenganisha akaunti hizo.

Fundi wa Malindi alijibu:

Mwalimu, hapo nakubaliana nawe nusu. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2017, kwa ngazi ya kati ya uthibitisho, ulitaka mtu athibitishwe upya baada ya dakika 30 bila shughuli au saa 12 kwa jumla, kwa hiyo dakika 30 si ukali wa kupindukia. Lakini fomu kupotea ni kasoro ya daftari la vyumba, na hilo waambiwe waliolitengeneza sasa hivi, bila kungoja akaunti za Windows: lihifadhi rasimu kabla ya kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa nenosiri.

Karani wa Shela alijibu:

Mwenyezi Mungu awajaze kheri. Jana baada ya adhuhuri nimefanya jaribio: mfumo wa mahesabu nao ulidai nenosiri, kwa hiyo ni seva. Leo asubuhi umeme ulikatika, na kompyuta ilipowaka ilionyesha mwaka 2015. Betri nimeagiza kutoka mjini, itakuja na mashua ya jioni. Msimamizi amekubali akaunti tatu za Windows, na kuhusu rasimu nimewaandikia Nairobi, nikawatajia siku na saa ambayo orodha ya wageni ilipotea.