Je, kuwanyamazisha wakosoaji huleta utulivu?

Mkazi wa Kondele, Kisumu: Ndugu zangu, mzee mmoja mtaani kwetu hutuambia vijana tunyamaze, kwani upinzani ndio ulioiletea Kisumu risasi mwaka 1969. Je, ana haki?

Mwalimu, Nakuru: Uchungu wake naufahamu, ila hoja yake siikubali. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua hospitali, watu waliuawa kwa risasi. Siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU (Kenya People's Union) cha Oginga Odinga kikapigwa marufuku, na malalamiko, yakiwa hayana tena chama cha kuyasema, yakabaki vifuani kwa miaka mingi.

Mama, Kisumu: Mwanangu alirudi kutoka maandamanoni macho yamevimba kwa gesi, bango lingali mkononi. Niliogopa mno. Hata hivyo Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinamruhusu kuandamana kwa amani bila silaha, nami sitamkataza.